Protini Inapofika Kwao

Mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu huzaliwa akiwa mzima machoni pa kila amtazamaye. Hulia kwa sauti, hunyonya, hulala, uzito wake aghalabu ni wa kawaida, na mkunga ampokeaye, hata awe hodari wa namna gani, hana alama ya nje ya kumpambanua na mtoto wa kitanda cha jirani. Sababu yake ni kwamba damu ya mtoto mchanga ingali imejaa hemoglobini ya tumboni, ile iliyomchukulia hewa alipokuwa katika mji wa mimba, na hemoglobini hiyo haina kasoro. Hemoglobini ya utu uzima, ambayo ndiyo iliyorithi dosari, bado ni chache wakati huo, nayo huongezeka taratibu mwezi baada ya mwezi, hata mtoto akaribiapo nusu mwaka ndipo vidole na nyayo humvimba, maumivu humjia usiku, homa humpanda, na wazazi wake huanza safari ndefu ya hospitali na, mara nyingi, ya lawama. Wako watoto wengi ambao hawakupata hata wasaa wa safari hiyo, kwa maana homa yao ya kwanza ndiyo iliyowachukua, na jina la maradhi yao halikutajwa kamwe.

Jambo lililofichika kwa mkunga, walakini, halikufichika kwa kila jicho. Tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi ya chujio, likifikishwa maabara na kuwekwa kwa uangalifu juu ya jeli nyembamba ipitishwayo umeme, hudhihirisha katika siku za kwanza za maisha habari ambayo mwili ungechukua miezi kuitangaza. Kazi hiyo yote hutegemea sifa moja ya protini iitwayo nukta isoelektriki. Naihesabu sifa hiyo miongoni mwa mambo aali katika elimu ya kemia ya viumbe, na kwa kuwa maisha ya watoto wetu yamefungamana nayo, ni haki ijulikane na watu wengi kuliko wale wanaofanya kazi ndani ya maabara.

Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, navyo ni vya namna 20. Vingi katika vipande hivyo havina chaji ya umeme ya kutajwa. Lakini viwili, asidi aspatiki na asidi glutamiki, hubeba chaji hasi, na vitatu, yaani laisini, ajinini na histidini, huweza kubeba chaji chanya. Chaji hizi si milki ya kudumu, bali hutegemea kimiminiko ambamo protini inakaa. Katika tindikali, ambamo protoni ni nyingi, protini huzipokea protoni hizo, na chaji chanya zikazidi. Katika alkali huzitoa, na chaji hasi zikazidi. Baina ya hali mbili hizo pana mahali pamoja ambapo chanya na hasi hulingana sawasawa, hesabu yake ikawa sifuri, na hapo protini haivutwi na umeme upande huu wala upande ule. Mahali hapo ndipo nukta isoelektriki yake, nayo hutajwa kwa kipimo cha pH, ambacho katika hesabu yake 7 ni ya maji safi, chini ya 7 ni tindikali na juu yake ni alkali. Maadamu kila protini ina mpangilio wake na idadi yake ya vipande vyenye chaji, kila moja ina nukta yake, na tofauti baina ya nukta mbili, hata ikiwa ndogo mno, yaweza kutumiwa kuzitenga.

Yeyote aliyewahi kugandisha maziwa ameshuhudia nukta hii ikifanya kazi. Maziwa mabichi ya ng'ombe yana pH ya karibu 6.7, na protini yake kuu, kasini, hubeba humo chaji hasi zinazosaidia chembe zake kufukuzana na kuelea kila moja mbali na mwenzake. Bakteria wa mtindi hugeuza sukari ya maziwa kuwa tindikali, pH ikashuka saa baada ya saa, na inapofikia karibu 4.6, ambayo ndiyo nukta isoelektriki ya kasini, kufukuzana hukoma, chembe hushikamana, na maziwa huwa yameganda. Wafugaji wa nchi zetu walilitumia jambo hili kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kulipa jina.

Jina lilitoka Cambridge, ambako Mwingereza William Bate Hardy, mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa akichunguza ute wa yai uliochemshwa na kusambazwa ndani ya maji. Aliona kwamba chembe za ute huo huenda upande mmoja wa umeme zikiwa katika tindikali na upande wa pili zikiwa katika alkali, na kwamba katikati pana mahali ambapo haziendi popote. Mwaka 1909 mkemia wa Denmark, S. P. L. Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, maabara iliyoanzishwa na mwenye kiwanda cha bia, aliwapa wanasayansi kipimo cha pH, na tangu hapo mahali pale pakaweza kutajwa kwa tarakimu badala ya kuelezwa kwa maneno. Kisha Msweden Arne Tiselius wa Uppsala alitengeneza katika miaka ya 1930 chombo cha kuzitembeza protini kwa umeme na kuzitazama zikiachana njiani, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948.

Ni kwa chombo cha namna hiyo kwamba Linus Pauling na wenzake Harvey Itano, S. J. Singer na Ibert Wells, huko California, walipima hemoglobini ya wagonjwa wa seli mundu na hemoglobini ya watu wasio na ugonjwa huo, wakatangaza mwaka 1949 kwamba nukta isoelektriki za hemoglobini hizo mbili zimeachana kwa kiasi cha 0.2 hivi katika kipimo cha pH. Walipochunguza damu ya watu wenye vinasaba vya ugonjwa bila kuugua, waliikuta ina hemoglobini zote mbili zimechanganyika. Sidhani kwamba msomaji wa leo, aliyezoea kusikia habari za vinasaba kila uchao, anaweza kukadiria kwa urahisi uzito wa tangazo hilo. Kabla yake maradhi yalitafutwa katika viungo, katika vijidudu, katika lishe na katika hewa. Hapa, kwa mara ya kwanza, chanzo cha ugonjwa kilionyeshwa ndani ya umbo la molekuli moja, na kilichokionyesha si darubini, bali ni mwendo wa protini katika umeme.

Miaka michache baadaye, kati ya 1956 na 1957, Vernon Ingram wa Cambridge alikipata kipande chenyewe. Hemoglobini ya mtu mzima imefanywa kwa minyororo minne: miwili ya alfa yenye vipande 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye vipande 146 kila mmoja, jumla yake vipande 574. Katika seli mundu kipande cha sita cha mnyororo wa beta, ambacho ilipasa kiwe asidi glutamiki, kimekuwa valini. Ni hicho tu. Asidi glutamiki hubeba chaji hasi ilhali valini haina chaji, na kwa kuwa minyororo ya beta ni miwili, hemoglobini hiyo, iitwayo S, imepungukiwa chaji hasi mbili ikilinganishwa na A, ambayo ndiyo ya kawaida. Ili hesabu yake ifike sifuri, S huhitaji kupelekwa kwenye mazingira yenye alkali zaidi kidogo. Nukta ya A ni karibu 7.0 na ya S ni karibu 7.2. Iko pia hemoglobini C, ipatikanayo zaidi katika Afrika ya Magharibi, ambayo mahali pale pale pa sita imepata laisini yenye chaji chanya, na kwa sababu hiyo nukta yake imesogea mbali zaidi, hadi karibu 7.4. Valini hiyo hiyo, isiyopenda maji, ndiyo ifanyayo molekuli za S zishikamane zinapokwisha kuitoa hewa zilizoibeba, zikafanya nyuzi ndefu ndani ya chembe nyekundu, na chembe ikapinda na kukakamaa, ikaziba mishipa midogo na kufa baada ya siku 10 au 20 badala ya 120. Maumivu yote ya mgonjwa yana usuli wake katika kipande hicho kimoja.

Chombo cha Tiselius, hata hivyo, kilikuwa kikubwa, cha gharama, na hakikufaa kwa damu ya watu wengi. Tena kilikuwa na udhaifu wa tabia yake: katika njia hiyo protini hazifiki mahali zikatua, bali huendelea kusafiri maadamu umeme unapita, na kadiri zinavyosafiri ndivyo zinavyotawanyika. Msweden mwingine, Harry Svensson, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1960 hesabu ya njia tofauti. Alifikiri kwamba, badala ya kuzitembeza protini katika kimiminiko chenye pH moja mwanzo hadi mwisho, kifanywe kimiminiko ambacho pH yake huongezeka hatua kwa hatua kutoka kwenye elektrodi chanya, yenye tindikali, mpaka kwenye elektrodi hasi, yenye alkali. Protini itakayowekwa upande wa tindikali itapokea protoni, itakuwa chanya, na itavutwa kwenda upande hasi. Lakini njiani pH itakuwa inapanda, protini itakuwa inaachia protoni zake moja moja, na mvuto utakuwa unapungua, mpaka ifike palipo na pH iliyo sawa na nukta yake isoelektriki, na hapo isimame. Ikitokea kwamba imepitiliza kidogo, itageuka kuwa hasi na kurudishwa ilikotoka. Ikirudi nyuma zaidi ya kiasi, itageuka chanya na kusukumwa mbele tena. Kama maji ya mvua yateremkayo kutoka milima miwili inayotazamana na kukusanyika katika bonde lililo katikati, ndivyo protini ya namna moja, hata ikiwa imetawanywa mwanzoni kila mahali, inavyokusanyika kutoka pande mbili kwenye mstari mmoja mwembamba, na umeme ule ule uliozoea kutawanya ukawa sasa ndio unaokaza.

Hesabu ilikuwa sahihi, lakini vifaa havikuwapo. Ili mteremko wa pH udumu huku umeme ukipita, zinahitajika molekuli ndogo nyingi, kila moja na nukta yake isoelektriki, zilizokaribiana sana kwa nukta hizo, zijipange zenyewe kwa safu na kushika kila moja pH ya mahali pake. Molekuli za namna hiyo huitwa amfoliti, na mtu aliyezitengeneza ni Olof Vesterberg, huko huko Sweden, katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Hakuzitengeneza moja moja, jambo ambalo lingemchukua umri. Alichanganya kemikali chache kwa namna ambayo ziliungana kwa bahati nasibu, zikazaa kwa pamoja mamia ya molekuli zilizotofautiana kidogo kidogo, na mchanganyiko huo ambao mkemia mwingine angeuona kuwa ni uchafu ukawa ndio dawa hasa iliyotafutwa. Napenda kulitaja jambo hilo kwa sababu vitabu vingi hulipita haraka, ilhali bila ya busara ya Vesterberg, ya kuukubali wingi usiopangika na kuuacha umeme wenyewe uupange, hesabu ya Svensson ingebaki katika makaratasi. Kazi za mwanzo zilifanywa ndani ya bomba la kioo lililosimama, lililojazwa maji ya sukari yenye uzito uliopungua kutoka chini kwenda juu, nazo zilichukua siku nzima au zaidi. Jeli ilipoingia mahali pa maji ya sukari, siku zikawa saa.

Na tuitazame sasa kazi yenyewe, kama inavyofanywa katika maabara inayopima watoto wachanga. Muuguzi huchoma kisigino cha mtoto, hudondosha damu ndani ya duara zilizochapwa juu ya karatasi nene ya chujio, na kuiacha karatasi ikauke mahali pasipo na jua. Karatasi iliyokauka husafirishwa kwa bahasha, bila barafu, na hiyo ni fadhila kubwa katika nchi ambamo kituo cha afya na maabara hutenganishwa na barabara ya siku nzima. Katika maabara, fundi sanifu hutoboa kipande cha duara hilo, kidogo kama kichwa cha msumari, hukiloweka katika kijishimo chenye kimiminiko kidogo mpaka kimiminiko kigeuke kuwa chekundu, na hapo hemoglobini imekwisha kutoka katika karatasi. Jeli inayotumiwa ni ya agarosi, itokanayo na mwani wa bahari, imetandazwa juu ya plastiki kwa unene usiofika milimita moja au kuzidi hapo kidogo, na ndani yake zimetiwa amfoliti za kufanya mteremko wa pH kuanzia 6 hadi 8, kwa kuwa ndani ya masafa hayo hemoglobini zote zinazotafutwa zina makao. Juu ya jeli huwekwa karatasi ya plastiki yenye matundu membamba, na katika kila tundu hudondoshwa kiasi kidogo cha damu ya mtoto mmoja. Mtoto wa kwanza hapa, wa pili pale, na katika safu hiyo hiyo huwekwa sampuli ya kulinganishia ambayo hemoglobini zake A, F, S na C zinajulikana kwa yakini.

Jeli hulazwa juu ya bamba linalopozwa kwa maji baridi, kwa sababu umeme utakaopita ni wa volti elfu moja na zaidi, na bila ya kupozwa jeli ingechemka na protini zingeharibika. Ukingo mmoja hulazwa utepe uliolowa tindikali, ukingo wa pili utepe uliolowa alkali, kifuniko hufungwa, na umeme huwashwa. Hapana rangi inayohitajika ili kuiona kazi ikiendelea, maana hemoglobini yenyewe ni nyekundu: zile alama pana zilizofifia, zilizoachwa na matundu, huanza kusogea, huachana, hunyooka, na baada ya saa moja hivi kila moja imekuwa mstari mwembamba uliokatika kwa makali, wenye upana wa chini ya milimita, ukitenganishwa na jirani yake kwa milimita chache tu. Umeme huzimwa, jeli hutiwa katika tindikali ya kuzigandisha protini zisitawanyike tena, huoshwa, hutiwa rangi ili hata mistari hafifu ionekane, na hukaushwa. Na jeli iliyokauka huweza kuwekwa katika jalada kwa miaka, ikaja kusomwa tena na mtu mwingine ikiwa pana shaka.

Kuisoma jeli ni elimu yenye hadhari yake. Ukianzia upande wa tindikali, hukutana kwanza na A, kisha, karibu sana nayo, F ambayo ndiyo hemoglobini ya tumboni, kisha S, kisha C. Mtoto wa kawaida huonyesha F iliyokolea na A iliyofifia. Mtoto aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja huonyesha F, A na S kwa pamoja. Huyu hataugua, lakini naye anaweza kuja kuwarithisha wanawe. Mtoto aonyeshaye F na S peke yake, bila A, ndiye anayetafutwa. Hata hivyo fundi mwaminifu hasemi zaidi ya ionyeshavyo jeli, kwa kuwa jeli huonyesha mahali protini iliposimama na wala haitaji jina lake. Ziko hemoglobini nyingine adimu, kama D, ambazo husimama karibu na S, na sampuli iliyokaa muda mrefu katika joto huzaa mistari ya ziada isiyo na maana. Mtoto aliyeongezwa damu kabla ya kupimwa huonyesha A isiyo yake. Kwa sababu hizo jeli nzuri husomwa na watu wawili kila mmoja kwa nafsi yake, na jibu la F na S huthibitishwa kwa sampuli ya pili na, inapowezekana, kwa njia nyingine ya kupima.

Njia hii haikubaki kwa hemoglobini tu. Mwaka 2000 wanasayansi wa Ufaransa waliitumia kuionyesha katika mkojo homoni ya kuongeza damu iitwayo EPO, iliyotengenezwa viwandani na kudungwa na wanariadha wadanganyifu, kwa kuwa sukari zilizoshikamana na homoni ya kiwandani huipa nukta isoelektriki tofauti na ile itokayo katika figo za mtu mwenyewe; na viwanda vya dawa hupima kwa njia hiyo hiyo kama protini iliyotengenezwa leo ni sawa na iliyotengenezwa jana. Lakini mimi sioni mahali ambapo njia hii imefanya kazi adhimu kuliko katika nchi za kandokando ya ziwa letu kubwa.

Uganda ilikuwa tayari na mpango wa kukusanya katika nchi nzima matone ya damu kavu ya watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI, yapimwe katika maabara kuu ya taifa mjini Kampala. Kazi hiyo ikiisha, karatasi hubaki na damu isiyotumika. Kati ya Februari 2014 na Machi 2015 damu hiyo iliyobaki ilipimwa kwa jeli za nukta isoelektriki, na kutoka wilaya zote za nchi yakapatikana majibu ya watoto 97,631: asilimia 13.3 kati yao walikuwa na kinasaba kimoja cha seli mundu, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Ramani iliyotokana na hesabu hiyo ilionyesha kwamba mzigo haukugawanyika sawasawa, kwa kuwa kusini-magharibi kasoro ilikuwa chache, ilhali katika wilaya nane, nyingi zikiwa za kaskazini na mashariki, zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano alikuwa nayo. Zamani, mwaka 1949, Lehmann na Raper walikuwa wamefanya uchunguzi wa kasoro hii katika makabila ya Uganda kwa kuzitazama chembe za damu zilizonyimwa hewa. Jeli iliongeza juu ya kazi yao jambo ambalo darubini haikuliweza vyema, nalo ni kumtenga mtoto mchanga atakayeugua na yule atakayebeba tu. Baadaye hospitali ya Bugando, mjini Mwanza, ilifanya uchunguzi wa namna hiyo kwa watoto wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ikakuta kwamba takriban asilimia 20 wana kinasaba kimoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia wana ugonjwa.

Wingi huu una sababu, nayo ilielezwa na daktari aliyekulia Kenya, Anthony Allison, aliyetoa mwaka 1954 ithibati kwamba mtoto mwenye kinasaba kimoja cha seli mundu huhimili malaria kali kuliko mwenzake asiye nacho. Mahali ambapo mbu walitawala kwa karne nyingi, wenye kinasaba kimoja waliishi na kuzaa, na kasoro ikaenea pamoja na kinga yake, kutoka pwani hata maziwani.

Hapa sina budi kusema jambo linalonigusa. Katika jamaa nyingi mtoto aumwaye viungo na kupungukiwa damu kila mara humletea mama yake maneno mazito. Husemwa kwamba nasaba ya mama ina laana, au kwamba pana mkono wa mtu. Ugonjwa huu aghalabu hautokei ila kila mzazi ametoa kinasaba chake kimoja, na damu ya baba na ya mama, zikiwekwa kando kwa kando juu ya jeli moja, huonyesha kwa wote wawili mistari ile ile, A na S, imesimama mahali pale pale. Wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, wala hapana aliyekosa baina yao. Laiti kila baba anayefikiria kumrudisha mkewe kwao kwa ajili ya maradhi ya mtoto angeketishwa mbele ya jeli ya damu yake mwenyewe akaonyeshwa mstari wake wa S, naamini talaka nyingi zisingeandikwa.

Thamani ya kujua mapema haiko katika kujua peke yake. Mwaka 1986, Marekani, uchunguzi wa watoto wadogo wenye ugonjwa huu ulionyesha kwamba wale waliopewa penisilini ya kumeza mara mbili kila siku walipata maambukizi makali ya damu kwa kiasi kilichopungua kwa asilimia 84, na uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa haikuwa insafu tena kuwanyima wengine dawa hiyo. Penisilini ni dawa ya bei ndogo, lakini huwafaa watoto inapoanza kabla ya homa ya kwanza, na haiwezi kuanza kabla ya homa ya kwanza pasipo mtu kujua nani aanzishiwe. Fauka ya hayo iko hydroxyurea, ambayo huuchochea mwili uendelee kutengeneza hemoglobini F hata baada ya utoto. Wengi walikuwa na hofu ya kuitumia katika nchi zenye malaria, mpaka uchunguzi uliofanywa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto zaidi ya 600, ukachapishwa mwaka 2019, ulipoonyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, na malaria, na haja ya kuongezwa damu, na vifo.

Katika miaka ya karibuni vimetokea vipimo vya haraka, vijiti vidogo vitumiavyo kingamwili, ambavyo mkunga wa zahanati anaweza kuvitumia mbele ya mama na kupata jibu kwa dakika chache, bila umeme wala safari ya bahasha. Nafurahi kwa kuwapo kwavyo, maana udhaifu mkubwa wa jeli haukuwa katika jeli, bali katika majuma yanayopita kati ya kisigino cha mtoto na jibu linalomrudia mama ambaye pengine amekwisha kuhama kijiji au kubadili nambari ya simu. Lakini kijiti hutafuta A, S na C tu, wala hakiwezi kumwambia mkunga kwamba pana hemoglobini ya nne asiyoitarajia. Kwa hiyo maabara zenye busara huvitumia vyote viwili: mtoto hupimwa kwa kijiti siku aliyozaliwa, mama akaanzishiwa maelezo hapo hapo kabla hajaondoka, na tone lake likakaushwa juu ya karatasi, likapelekwa kusubiri zamu yake juu ya bamba la baridi, ili mistari yake ithibitishwe kabla mtoto hajatimiza miezi miwili na dozi ya kwanza ya penisilini haijatolewa.